Komeo Melini

Mume wa dada yangu ni fundi wa makufuli, na mtaa mzima unamwita Komeo. Jina hilo halikutokana na kazi yake, ingawa yeye hupenda kusema hivyo mbele ya wateja. Limetokana na mlango wa chumba chao cha kulala, ambao una kitasa, komeo la juu, komeo la chini, na kufuli la akiba linaloning'inia tu bila kufunga kitu. Siku moja nilimuuliza, "Shemeji, humo ndani mnalala au mnatunza dhahabu?" Akanijibu bila kucheka kwamba dhahabu ikiibwa mtu hununua nyingine.

Huo ndio wivu wake, na si wa kuchezea. Fundi seremala akija kupima kabati, Komeo anafunga duka na kurudi nyumbani kusimamia. Dada akichelewa kazini, ananusa mkoba wake kwanza ndipo ampe pole.

Mimi naona kazi ndiyo iliyomharibu. Watu humwita fundi wa makufuli wakifungiwa nje, na wengi wanaofungiwa nje ni waume waliorudi mapema. Ameshafungua milango mingi ya namna hiyo. Ameshaona viatu visivyo vya mwenye nyumba, akakusanya vifaa vyake kimya kimya huku nyuma yake ndoa ya watu ikivunjika. Akitoka hapo anakwenda moja kwa moja kwake, na kitu cha kwanza anachotazama ni viatu vilivyo mlangoni.

Dada anauza magodoro. Ana ulimi mtamu, anaweza kumuuzia godoro mtu aliyeingia dukani kuuliza njia. Mwaka mmoja aliuza kuliko wenzake wote, kampuni ikampa zawadi ya safari ya watu wawili kwenye meli ya kitalii, kula na kulala juu yao. Watu wawili. Mimi ni mdogo wake wa pekee, tumelala kitanda kimoja mpaka siku alipoolewa, na maishani sijapanda hata kivuko. Siku ileile nilinunua kofia ya jua, pana, yenye utepe. Kumbe Komeo alikuwa ameshakwenda kupiga picha ya pasipoti.

"Nikimwacha hapa atakufa kwa mawazo," dada aliniambia. "Nikienda naye, angalau nitakuwa na amani."

Nikamwazima kofia. Sikumwazima kwa moyo mweupe, na sioni haya kusema. Siku waliyoondoka nilikaa jikoni nikala mkate mzima peke yangu. Kila picha aliyotuma niliitazama mpaka macho yakaniuma: dada kando ya bwawa la kuogelea, dada mbele ya meza ya matunda, kofia yangu kichwani. Nyuma yake, kila picha, Komeo amesimama mikono kifuani kama mlinzi wa benki. Nafasi yangu ile, na yeye hata kutabasamu hataki.

Yaliyofuata nimesimuliwa na dada. Mengine nilimkamua Komeo mwenyewe.

Balaa lilianza na taulo. Chumba chao kilikuwa kidogo, chini kabisa ya meli, hakina dirisha. Kitanda, kabati, na bafu la kugeuka kwa zamu. Mlango ulifunguliwa kwa kadi. Komeo aliigeuzageuza kadi ile akaguna, kwa kuwa hakuwahi kulala nyuma ya mlango usio na tundu la ufunguo. Kisha akagundua jambo baya zaidi, kwamba mhudumu wa vyumba naye alikuwa na kadi yake.

Mhudumu huyo alikuwa kijana mrefu, nadhifu, anayenukia vizuri, na katika korido yote ile ndiye peke yake aliyejua lugha yetu. Mtu mwingine angefurahi. Kijana akamwamkia dada, "Shikamoo mama," akamuuliza habari za nyumbani, na dada naye akaanza kumweleza kwamba godoro la melini limechoka katikati. Wakacheka. Komeo akampa jina palepale: Manukato.

Walipotoka kula na kurudi, wakakuta taulo limekunjwa likawa bata, shingo imepinda, amewekwa upande wa kitanda anaolala dada. Kesho yake tembo. Kesho kutwa yake njiwa wawili, midomo imegusana.

"Wanafanya hivi vyumba vyote," dada akamwambia.

"Wewe umeingia vyumba vyote?"

"Jamani, mume wangu."

"Na amejuaje kwamba unalala upande huu?"

"Niliacha gauni la kulalia hapo."

"Kwa hiyo amelishika."

Alitoka akatembea korido nzima akichungulia milango iliyo wazi. Kwa wazee wa chumba cha jirani alikuta kobe. Kobe mmoja, tena amekunjwa harakaharaka. Kwa Komeo, huo ulikuwa ushahidi tosha.

Halafu bahari ikachafuka. Meli ikawa inainuka na kushuka, na dada, ambaye hata bembea hamalizi, akalala kitandani na ndoo kando yake. Komeo alimwacha akaenda kula, kwa kuwa chakula cha bure hakimpiti hata dunia ikipinduka. Aliporudi akakuta glasi ya maji ya tangawizi kwenye kimeza, na dada amefunikwa blanketi la pili.

"Nani amekufunika?"

Dada hakuwa na nguvu za ugomvi. "Amebisha, nimemwambia aingie. Nilikuwa natapika."

Komeo akatoka kwenye korido akakagua ile fremu ya mlango kwa vidole, polepole, kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa.

Siku iliyofuata, wakati wa chakula cha mchana, dada alikuwa bado amelala. Komeo akachukua kimkasi cha kucha kwenye mkoba wa mkewe, akakata kipande cha bati kwenye kopo la soda, akakikunja mara mbili, na kona yake akaiponda kwa jino. Ndivyo anavyofanya siku zote. Alipotoka na mlango ukajifunga, akakisukuma kile kibati kati ya mlango na fremu mpaka kikabana ulimi wa kitasa. Kadi isingefungua. Mkono wa kitasa upande wa ndani usingefungua. Ni yeye tu angejua kukichomoa. Akajipangusa mikono akapanda juu kula, na aliniambia kwa mdomo wake kwamba tangu waingie melini, siku hiyo ndiyo chakula kilishuka vizuri.

Alikuwa bado anakula king'ora kilipolia. Taa zikazimika, zikawaka hafifu, na mngurumo wa injini waliokuwa wameuzoea ukakatika. Watu wakatulia kwanza, kisha wakainuka wote kwa pamoja. Moshi ulikuwa umetoka chumba cha mitambo, chini. Wahudumu wenye makoti ya kuokolea maisha wakasimama kwenye ngazi wakawa wanaelekeza watu juu tu, hakuna kushuka. Komeo alijaribu kushuka, akarudishwa. Akajaribu ngazi ya pili, akasukumwa na umati mpaka nje, kwenye sehemu ya kukusanyikia watu wa korido yao.

Na msimamizi wa watu wa korido yao alikuwa Manukato.

"Baba, mama yuko wapi?"

"Anakuja," Komeo akasema.

Alikuwa na jambo moja tu la kusema, na mtu wa kumwambia alikuwa huyohuyo. Akatazama ngazi, labda mlango umeachia wenyewe, labda kile kibati kimeanguka kwa mtikisiko. Wazee wa chumba cha jirani wakafika, wamefunika pua kwa vitambaa, bibi akasema moshi umeshaingia korido. Akasema pia kwamba kuna mtu anagonga mlango kwa ndani.

"Baba," Manukato akarudia, safari hii kwa sauti ya chini. "Mama yuko wapi?"

"Nimemfungia," Komeo akasema. "Kadi yako haitafungua."

Kijana hakumuuliza kwa nini. Akamwita mwenzake aliyekuwa na shoka la zimamoto, akamshika Komeo mkono, wakashuka. Kadi ikawasha taa ya kijani, mlango ukagoma. Komeo akapiga magoti. Huyu ni mtu ambaye amefungua nusu ya milango ya mji wetu, mingine akiwa amefumba macho kwa majigambo tu. Lakini dada alikuwa ameuvuta mlango kwa nguvu zake zote kutoka ndani, kibati kikajipinda na kuzama. Akakikwangua mpaka kucha zikatoka damu. Nyuma yake Manukato alikuwa anaongea na mlango, taratibu, "Mama, kaa chini sakafuni. Loanisha taulo uzibe chini ya mlango. Tuko hapa."

"Nimeshaziba," dada akajibu, akikohoa.

"Ondoka hapo, baba," akasema mwenye shoka.

Mlango ulipovunjika, dada alikuwa amekaa sakafuni, wale njiwa wawili amewakunjua akawaloanisha, mmoja yuko mdomoni na mwingine ameziba chini ya mlango. Alinyoosha mkono, na aliyeushika kwanza alikuwa Manukato. Komeo anakiri kwamba hata pale, kwenye moshi ule, hilo aliliona.

Moto ulizimwa bila mtu kufa. Meli ikavutwa mpaka bandari iliyokuwa karibu, abiria wamejaa juu wakila biskuti kavu, vyoo vimeziba, kila mtu anagombana na kila mtu. Waliporuhusiwa kushuka kuchukua mizigo, dada aliinama kwenye mlango uliovunjika akaokota kitu. Kibati kimekunjwa mara mbili, kona imepondwa kwa jino. Vibati vya namna hiyo amevifagia nyumbani kwake tangu aolewe.

"Ulinifungia," akasema.

"Nilikuwa namfungia yeye nje."

"Mimi nilikuwa ndani." Akakitia kibati kwenye mkoba. "Unajua nilipokuwa nagonga nilikuwa namwita nani? Nilikuwa nakuita wewe. Nilisema, hakuna mlango unaomshinda mume wangu, atafika sasa hivi."

Njia nzima mpaka nyumbani aliukumbatia mkoba huo. Mimi nilikwenda kuwapokea nikiwa na maneno yangu tayari, maana nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba angenichukua mimi yasingempata haya. Nilipomwona uso, nikayameza. Alinirudishia kofia. Ilikuwa inanuka moshi.

Kesho yake Komeo alikwenda kufungua duka kama kawaida. Mbele ya duka lake, ng'ambo ya barabara, kuna fundi mwingine wa makufuli, mwenye kibao kikubwa chenye taa, na Komeo humchukia mtu huyo kwa sababu ya kibao hicho tu. Asubuhi hiyo alimwona jirani anabeba begi la vifaa na kuondoka, akafurahi kwamba leo wateja wote ni wake.

Jioni akarudi nyumbani na shada lake la funguo. Wa kwanza haukuingia kwenye mlango wa mbele. Wa pili haukuingia. Akainama kutazama kitasa, kipya, na pembeni mwa fremu akaona alama za patasi ambazo alizijua ni za mkono wa nani. Makomeo yote ya chumbani yalikuwa yamepangwa barazani kwenye gazeti, pamoja na lile kufuli la akiba. Dada alimwacha agonge kwa muda, kisha akamfungulia, akamwekea chakula.

Dada hakumwacha mumewe, na wala haongelei jambo hilo. Ila tangu siku ile fundi wetu anabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, anasimama nje na kusubiri mpaka dada aamue kuinuka. Majirani wameshazoea. Wateja hawajui.

Kitasa hicho kilikuja na funguo mbili. Juzi Komeo alinikuta mlangoni nautia wangu. Akautazama ulivyokuwa mkononi mwangu, namna ileile mimi nilivyokuwa nikizitazama picha za melini.

"Shemeji," akasema, "huo alikupa lini?"

Nikaingia, nikarudishia mlango, nikamwambia kwa ndani, "Bisha hodi kwanza."

Akabisha.