Dripu Iliyowaamsha Askari wa Elisante

Nimeona watu wakipigwa na polisi, wakipigwa na wake zao, wakipigwa na jua la Agosti. Mwaka 2017, hapo Dubai, nikamwona mtu akipigwa na mwili wake mwenyewe.

Na aliyewafungulia mlango wapigaji ni mimi.

Jamaa aliitwa Elisante, Mmeru, mlinzi wa maghala Al Quoz. Tulikaa chumba kimoja Naif, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Mimi nilikuwa stoo kwa muuza viungo Al Ras, na ndimi niliyekuwa mjuaji wa chumba. Fomu ya yeyote ikitaka kujazwa, naitwa mimi, Taib.

Elisante akatokewa na doa jeusi unyayoni. Akadhani ni kiatu cha kazi. Kupimwa, saratani ya ngozi, na imeshatuma watoto mapafuni.

Hospitali wakasema ipo dawa mpya ya dripu. Haiui uvimbe yenyewe. Inawaamsha askari wa mwili, wao ndio wakapigane.

"Yalla, waamsheni!" Elisante akacheka.

Nesi alikuwa Mkenya, Damaris. Akashika fomu, akamgeukia Elisante.

"Niambie ukweli. Una ugonjwa wowote wa mwili kujishambulia? Viungo kuvimba? Ngozi kutoa magamba?"

Alikuwa nao. Soriasisi, viwiko na magoti kama magome ya mti. Wiki ile tulikuwa tumempaka dawa mpaka ikatulia. Elisante akaniangalia.

Waliokaa Uarabuni wanaelewa. Kwenye vipimo vya viza, ukiulizwa ugonjwa, jibu ni moja tu. Tulifundishana siku ya kwanza: ukikubali hata mafua, unapandishwa ndege.

"Hana kitu," nikadakia. "Huyu ni fahali."

"Mzee, nimemuuliza yeye."

"Sina, sister," akasema Elisante.

Dripu ya kwanza, kimya.

Ya pili, ngozi ikalipuka. Viwiko, kifua, mgongo mzima, kama amemwagiwa uji wa moto. Vidole vikavimba, hata vifungo vya shati nikawa namfungia mimi. Kisha tumbo. Choo mara kumi kwa siku, na damu.

"Mzee Taib, tuwaambie."

"Wakijua watakunyima dawa. Vumilia. Hiyo ndiyo inafanya kazi."

Akavumilia siku sita.

Ya saba akaanguka getini, mchana kweupe, malori yanapiga honi yafunguliwe.

Daktari wake, Masuda, hakunifokea. Hapo ndipo nilipoogopa. Damaris akawa anatafsiri, nami nikatapika ukweli wote.

"Mlificha kwa nini?"

"Tuliogopa mtamnyima."

"Wapo wenye maradhi kama yake na tunawapa. Tunawachunga tu kwa karibu, moto ukianza tunauzima mapema. Huu wenu umeshafika kwenye utumbo."

Mlango ukafunguliwa. Saif, kafeel wake, mwajiri aliyemdhamini viza. Nikajua khalas, yamekwisha, hiyo ni tiketi ya ndege ya kurudishwa kwao.

"Sir, ngozi yake haiambukizi, wallahi..."

Akanishangaa. "Ngozi yake? Naijua tangu mwaka wa kwanza. Mama yangu anayo hiyo hiyo. Mlikuwa mnamficha nani?"



Wakampa dawa za kuwalaza wale askari. Tumbo likatulia. Wakapiga picha ya mapafu.

Vivimbe vilikuwa vimesinyaa nusu. Nusu! Kwa dripu mbili tu.

Lakini ile dripu hakurudishiwa. Daktari alisema ikirudi, utumbo utapasuka. Vivimbe vikaanza kukua upya, polepole, kama vitu vinavyojua havina mpinzani.

Tulimzika Meru, Machi mwaka uliofuata. Hakunilaumu hata siku moja. Heri angenitukana.

Mnaonisoma mnajua porojo zangu, na mnanisamehe. Uongo una kijiwe chake, tunacheka, tunamaliza kahawa, tunakwenda kulala. Lakini mbele ya daktari, mfunulie hata usichoulizwa. Na kama si mwili wako, wewe mjuaji, funga mdomo, mwenyewe ajibu.