Mpogoa Mizabibu Aliyeishia Ghalani Hounslow

Saa mbili asubuhi, manyunyu yanaanguka Hounslow, magharibi mwa London. Luc Kambale amesimama mlangoni mwa ghala la mvinyo, mkono mmoja kiunoni, akisubiri maumivu yapungue ndipo ainue kasha jingine. Lori bado halijapakuliwa hata nusu.

"Zamani nilikuwa nikichoka nalala," anasema. "Siku hizi naamka nikiwa bado nimechoka."

Kambale, 53, ni mzaliwa wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Vita vilimfikisha Ufaransa, akaajiriwa katika shamba dogo la mizabibu la mjane aitwaye Odile. Alikaa huko miaka kumi na mmoja.

Shamba lilikuwa mteremko mmoja wenye udongo wa aina mbili. Juu kulijaa mawe meupe ya chokaa. Maji ya mvua yalipotea chini, na mizabibu ikalazimika kuyafuata kwa mizizi mirefu. Zabibu zake zilikuwa ndogo, na mvinyo wake mkali, uliohitaji miaka kutulia. Chini palikuwa na mfinyanzi unaoshika maji. Huko zabibu zilinenepa, mvinyo ukawa mzito na laini.

Odile hakuzichanganya. Kila upande ulivunwa kwa mikono, ukaachwa uchachuke wenyewe bila hamira ya dukani, kisha ukatiwa katika mapipa ya zamani ili mbao zisifunike ladha ya ardhi.

Kambale alikuwa mpogoaji. Kila majira ya baridi alikata matawi na kubakiza machache, mzabibu usizae kupita nguvu zake.

"Tamaa inaanzia kwenye mkasi," anasema. "Ukiacha matawi mengi utavuna sana, lakini mvinyo utakuwa maji."

Odile alipofariki, shamba liliuzwa. Mmiliki mpya alileta mashine ya kuvuna, akachanganya zabibu za juu na za chini, akawaachisha kazi wapogoaji. Kambale akamfuata mkewe, Marie-Claire, aliyekuwa akitunza wazee London.

Mwaka jana kasha lilipasuka ghalani, na msimamizi wake, Rasik, akamwachia chupa iliyosalimika. Ilikuwa ya shamba lile. Aliifungua nyumbani, mbele ya mkewe, ambaye kwa imani yake hagusi kileo.

"Nilionja nikiyatafuta yale mawe," anasema. "Sikuyapata."

Hakuimaliza.

Ni Rasik aliyemweleza kuhusu shamba changa la mizabibu huko Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kwenye udongo wa chokaa, lililohitaji mpogoaji wa kufundisha wengine pia. Kambale alikwenda, akapogoa mistari miwili wakimtazama, akakubaliwa.

Marie-Claire alikataa. Daktari alikuwa ameonya kuhusu mgongo, na binti yao, Shekinah, hakutaka kuhama shule. Walibishana wiki nzima. Mwishowe mama huyo akalegea.

"Papa Shekinah, mgongo ni huohuo," alimwambia. "Kama ni kuumia, usiumie kwa kubeba makasha ya watu."

Januari ataanza, akilala Kent siku za kazi na kurudi Jumamosi. Mizabibu ya huko itachukua miaka mingi kukomaa, na anajua huenda mwili ukakataa kabla.

"Mkato wa mwanzo ndio unaoupa mzabibu umbo lake," anasema. "Nataka huo uwe wangu."