Kiti cha Baiskeli ya Baba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliposhuka kwenye baiskeli mbele ya shule pale Kalamba nikashindwa kusimama wima. Wanafunzi wangu walicheka, nami nikacheka nao, lakini machozi yalikuwa karibu. Nilikuwa mwalimu wa miezi miwili tu, na kila siku nilikanyaga pedali kutoka kwetu Mbumbuni, kwenda na kurudi. Magoti yaliniwaka, mgongo ulikauka, na pale nilipokalia... hayo tuyaache.

Baiskeli ilikuwa ya Baba. Yeye alikuwa mrefu, mtu wa kuinama akiingia mlangoni. Mimi nilirithi kimo cha mama. Baba alinipa baiskeli hiyo nilipopata kazi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Kiti kilikuwa juu, kimewekwa kwa miguu yake, nami sikukigusa. Kwetu mtoto hakalii kigoda cha baba yake. Sasa nani angethubutu kushika spana akishushe kiti chake? Niliona hiyo ndiyo heshima. Basi nikawa najipinda huku na huku, nikifukuza pedali kwa ncha za vidole, mikono imenyooka kama mpini wa jembe.

Jioni ile nikamwambia mama nitaacha kazi. Ualimu niliutamani tangu utotoni, mwanangu, na nililisema hilo nikilia. Baba alikuwa anasikia. Asubuhi akaniambia, "Hebu panda nikuone." Nikazunguka ua mara moja.

"Haiya! Unaendesha ama unacheza dansi?"

Nikamweleza sababu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe ni mwalimu wa aina gani? Nilikupa baiskeli, sikukupa miguu yangu. Lete spana!"

Akaniambia niweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, akashusha kiti mpaka mguu ukanyooka bila kiuno kulala upande. "Sasa kanyaga na hapa mbele ya wayo, goti libaki limekunjika kidogo. Viwiko navyo vilegeze, barabara ina mawe." Siku hiyo nilifika Kalamba nikiimba nyimbo za kanisa, na kazi sikuiacha mpaka nikastaafu.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura nivunjike kwa la mkuu ambalo hata hakulisema! Mwanangu, mkubwa akikuachia kitu, kiwe shamba, kazi ama baiskeli, kipokee kwa mikono miwili, halafu kipime kwa mwili wako. Na ukiumia, sema mapema, maana mficha uchi hazai. Baba hakutaka niumie kwa ajili yake, alitaka nifike.

Mungu akubariki, akupe pumzi ya kupanda milima ya Mbooni, na magoti mazima ya kuzeeka nayo.