Wa Pili Kati ya Wawili

Enzi zetu mtu aliweza kuchelewa shuleni akiwa bado kwao. Nyinyi mliopanda basi la manjano la shule hamwezi kunielewa, lakini sisi tuliofundishwa nyumbani na akina mama wa Kikenya tunajuana hata kwa jinsi tunavyosimama. Shule yetu ilikuwa sebule ya fleti huku Marekani, Silver Spring, nje kidogo ya Washington, karibu na reli kiasi kwamba imla ilisimama kila treni ilipopita.

Mama alikuwa amefundisha shule ya msingi Bungoma kabla yeye na Baba hawajahamia huku. Vyeti vyake havikutambuliwa, kwa hiyo wikendi alitunza wazee wa watu, na siku nyingine zote akafungua shule yake mwenyewe: mwalimu mkuu yeye, mwalimu wa darasa yeye, mpishi wa uji yeye. Wanafunzi tulikuwa kaka yangu Wafula na mimi, Nekesa. Mama alisema hawezi kumpeleka mtoto wake mahali ambapo mwalimu anaogopa wanafunzi.

Asubuhi tulikunywa chai, tukavaa sweta za maruni zilizofumwa Bungoma na kubebwa na yeyote aliyekuwa akisafiri, kisha tukatoka mlangoni, tukateremka ngazi mpaka chini na kupanda tena. Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwenda shule. Mama, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa amenipangusa kamasi, alitufungulia akiwa mtu mwingine kabisa, miwani puani, mfuniko wa sufuria mkono huu na mwiko mkono ule. Kengele ilikuwa hiyo. Ukifika baada ya kengele unapiga magoti kwenye zulia, na mimi nilipiga magoti sana, kwa sababu kwenye ngazi kulikuwa na paka wa jirani.

Gwaride lilifanyika mbele ya friji. Tulikaguliwa kucha, tukaomba, tukasikiliza matangazo ya shule ambayo tulikuwa tumeshayasikia kwenye chai. Wafula alikuwa kiranja, na kazi ya kiranja ni kuandika majina ya wapiga kelele. Orodha yake ilikuwa na jina moja miaka yote. Kumwita Mama "Mama" kabla ya kengele ya mwisho lilikuwa kosa, na siku niliyojigonga kwenye kona ya meza nikapasuka mdomo, nililia "Mwalimu, Mwalimu" mpaka jirani akagonga mlango kuuliza huyo Mwalimu ni nani na anamfanya nini mtoto.

Baba aliendesha teksi na asubuhi alikuwa mtu wa kulala. Siku moja alitokea katikati ya gwaride akiwa na fulana, akitafuta soksi.

"Mzazi," Mama akamwambia, "ungepiga simu kwanza."

"Pole, Mwalimu," Baba akasema, akarudi chumbani bila soksi.

Lakini jambo lililonikosesha raha utotoni mwangu wote lilikuwa namba. Kila mwisho wa muhula Mama alitufanyisha mtihani, kila mmoja mtihani wa darasa lake, akalinganisha asilimia na kusoma majina mbele ya friji kuanzia mkiani, kama walivyofanya Bungoma. Mkiani nilikuwa mimi. "Namba mbili, Nekesa. Anaweza, ila anaongea sana." Kisha Wafula, namba moja, ambaye nilitakiwa kumpigia makofi. Siku hiyo Baba alitutembeza mjini kwa teksi, na namba moja alikaa kiti cha mbele na kuchagua redio. Sikuwahi kuliona jiji la Washington ila kwa nyuma ya kichwa cha Wafula.

Baba alijaribu kunitetea. "Lakini si wako wawili tu?"

"Ndiyo maana inatia aibu," Mama akajibu.

Niliitaka namba moja kuliko nilivyotaka baiskeli. Nilisoma nikiwa nimejifungia bafuni, na hata huko ilibidi kuomba ruhusa. Sikumfikia.

Kisha Wafula akafika umri wa sekondari, na Baba akashikilia kwamba huyo kijana sasa aende shule ya serikali, acheze mpira na watu. Mama alinuna wiki nzima, halafu akamnunulia begi. Asubuhi Wafula alipoondoka na lile basi la manjano, mimi nilifurahi waziwazi. Nani wa kunishinda sasa, paka?

Muhula ule sikupiga kelele, maana hakukuwa na wa kupigia wala wa kuniandika. Siku ya kufunga Mama akavaa miwani, akasimama mbele ya friji na kuanza kutoka mkiani kama kawaida yake.

"Wa mwisho, Nekesa." Nikasogea mbele. Akaweka miwani sawa. "Wa kwanza, Nekesa."

Nikabaki pale pale. Mama alipiga makofi mara mbili tatu peke yake, akaacha. Kwenye teksi nilikaa mbele, nikachagua redio, na tulipofika darajani nikaanza kulia.

"Si ndicho kiti ulichokuwa unataka?" Baba akauliza.

"Mwache," Mama akasema kutoka nyuma. "Hii si shule tena. Ni mimi tu nakaa na mtoto." Muhula uliofuata nami nikapelekwa shule ya serikali, na Mama akachukua zamu za kutunza wazee katikati ya wiki pia. Zile sweta alizikunja mwenyewe, na hakutaka kusaidiwa.

Sasa nina binti, tunakaa Woodbridge, huku huku Marekani, na shuleni kwake kila mtoto hupewa cheti, hata cha kuhudhuria tu. Hakuna wa mwisho. Binti mwenyewe ukimwita yuko ndani ya simu. Kiswahili anakielewa, kujibu ndiyo kazi. Nilipomsimulia haya aliniangalia kwa huruma.

"So ulikuwa last."

"Wa pili," nikamwambia.

Mwezi uliopita tulikuwa kwa Mama. Wafula alikuwa amekuja kutoka Texas, na kitambi chake. Baba alikuwa amesinzia kwenye kochi. Chakula kilipoiva Mama hakutuita, alichukua mfuniko na mwiko akagonga. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama mbele ya friji, mikono nimeinyoosha, kucha nje. Wafula naye alikuwa ameshafika, pale pake pa mbele. Binti yangu alicheka mpaka akaangusha simu.

Mama akatukagua wote wawili, taratibu. Mimi nilikuwa nyuma ya kichwa cha Wafula, ambacho siku hizi kina upara, na sikutaka mtu yeyote anisogeze.