Upande wa Gwamaka

Usiku ule nililala na simu kifuani, sapu ya takwimu, mtihani wa kurudia, ikinisubiri saa mbili asubuhi. Ilikuwa nafasi ya mwisho: nikifeli, nimedisko, chuo kimenifukuza, narudi nyumbani na godoro langu kichwani. Nilijiruhusu video moja tu kabla ya kufungua daftari. Mimi nauza viatu vya mtumba hapa hosteli, na najua "moja tu" ni bei ya kwanza, na bei ya kwanza haijawahi kuwa bei. Muhula mzima umekwenda hivyo. Usiku silali, darasani ubao nauona lakini hauniingii.

Sikumbuki kufumba macho. Nakumbuka kitanda kilibonyea upande wa ukutani, ule upande wa Gwamaka.

Gwamaka ndiye aliyenibeba, ndivyo tunavyoita kumlaza mwenzako kitandani kwako. Mwaka wa kwanza nilikosa chumba, yeye akapata, tukalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, kwenye kitanda cha mtu mmoja. Mwaka jana ugonjwa wa selimundu ukamchukua. Kitanda nikabaki nacho, na upande wake nikaupa simu na chaja.

Sasa ameketi pale na soksi zake za kijivu, anaitazama ile simu inavyowaka.

"Shebi, siku hizi unambeba huyu?"

"Ni simu tu, mwanangu."

"Analala saa ngapi?"

"Halali."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa kiatu kilichotoboka soli.

Nasogea kumpisha, na kitanda kimekuwa ukumbi wa mtihani. Karatasi iko mbele yangu. Nataka kusoma swali la kwanza, kidole gumba kinalisukuma juu. Linakuja la pili, nalo linapanda. La tatu. Yanapanda tu, hayaishi, na hakuna linalorudi. Nakikamata kidole kwa mkono wa pili, na mkono wa pili nao unasukuma. Gwamaka yuko kiti cha jirani, hana kalamu.

"Nishikie hata hili moja," namwambia.

"Mepesi haya," anasema. "Yote uliyajua."

Bora angesema ni magumu.

Tuko kitandani tena, taa imezimwa, miguu yake ya baridi iko karibu na sikio langu kama zamani. Naanza biashara.

"Gwamaka, niamshe saa kumi na mbili."

"Hapana."

"Basi moja na nusu. Sitaoga."

"Hapana."

"Mbili kasoro kumi, nakimbia na kandambili! Si ulikuwa unanivuta kidole cha mguu? Vuta mara moja tu, nakupa kile kiatu, ile moka nyeusi uliyokuwa unaitamani."

Anacheka, kile kicheko chake cha pumzi fupi. "Niende nayo wapi?"

Nimeuzia watu wa kila aina, lakini sijaona mteja mgumu kama marehemu. Hana anachohitaji.

"Sikuja kukuamsha," anasema. "Nimekuja kulala. Lala na wewe." Kisha, polepole, sauti ikitokea upande wa miguuni: "Ukiamka, usikimbie."

Nikalala humo humo ndani ya ndoto, usingizi mzito, mtamu, ambao sikuwa nimeuonja tangu tumzike.

Nikaamka kichwa chepesi. Jua limejaa chumbani. Simu iko sakafuni, imeisha chaji. Koridoni watu wanapita wakibishana.

"Lile la tatu ulipata ngapi?"

"Sifuri nukta nne."

"Na mimi! Toa tano hapa!"

Nikazihesabu zile sauti, nikazihesabu tena. Wote wa takwimu.

Mlango ukagongwa. "Oya Shebi, uko hai kweli? Mbona hatujakuona? Pepa lenyewe mteremko!"

Miguu ilishafika chini, kiatu kimoja nimeshakivaa, ndipo nikakumbuka nilichoambiwa. Nikakaa. Nikakivua.