Helmeti Irudi Mkononi Mwangu

Kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani na kula, mimi huenda kusimamia jambo nisilolipenda. Upande wa Maruku kuna kipande cha barabara ya zamani kilichoachwa barabara ilipohamishwa. Kimenyooka, lami yake bado nzima, magari hayapiti tena. Hapo waendesha bodaboda wa Bukoba hushindana na wenzao wa Muleba, wawili wawili, kutoka kwenye mstari wa chokaa hadi kwenye pipa jekundu. Katikati pana mwinuko mdogo, kwa hiyo ukiwa mstarini pipa hulioni. Mimi ndiye mshika kitambaa. Nikikishusha, wanaondoka.

Walinichagua kwa sababu ni fundi wa pikipiki Kashai na karibu zote zimepita mikononi mwangu. Nilikubali kwa sababu ya mwendeshaji mmoja tu, mdogo wangu.

Wazazi wetu tuliwazika Kimwani, kwenye migomba yetu, mama akitangulia, baba akifuata. Nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikawachukua wadogo zangu wawili, tukapanga chumba Kashai, nikajifunza ufundi kwa kuosha vipuri vya watu. Dada yetu ameolewa. Huyu wa mwisho nilimsomesha akamaliza, akakosa kazi, akaomba pikipiki, nikampa. Wanaoniuliza kwa nini simkatazi mbio hawajui kwamba nilimkataza. Alikwenda kushindana mahali pasipo na msimamizi. Bora nimwone.

Sheria zangu si nyingi. Helmeti ifungwe kidevuni, isining'inie kwenye kiwiko. Aliyekunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, asisogelee mstari. Breki ya nyuma isilegezwe. Wanapenda kuilegeza ili tairi lizunguke kwa wepesi, halafu wanashangaa pikipiki haisimami. Kila mtu abaki upande wake hata mwenzake akimpita. Hayo wanayafuata, kwa kunung'unika. Lililowashinda ni la kurudi.

Ukimaliza usirudi kwa lami. Unapunguza mwendo, unakata kushoto, unarudi kwa njia ya migombani, maana wawili wengine huenda wameshaondoka. Lakini kwetu mwenye habari njema hapiti nyuma ya nyumba. Bwana harusi hurudi na mkewe katikati ya barabara, honi zikilia. Basi mshindi naye hugeuza palepale kwenye pipa, akarudi katikati ya lami, mkono mmoja juu, apokelewe. Nimelisema hilo mpaka koo limekauka.

Jumapili moja mdogo wangu alimshinda mtu wa Muleba ambaye hakuwa amewahi kushindwa hapo. Nilingoja kiasi nilichoona kinatosha, nikawashushia kitambaa wawili waliofuata. Walipokaribia mwinuko, mdogo wangu akatokea mbele yao, amesimama juu ya pikipiki, mkono hewani. Mmoja akapita kulia kwake, mwingine kushoto. Kioo chake cha pembeni kiling'oka. Hakuna aliyeanguka. Watu walimpokea kwa vigelegele.

Nilipomfikia na kumuuliza anafanya nini, alinijibu mbele ya wote.

"Kaka, unataka nishinde halafu nipite migombani kama mwizi wa ndizi?"

Walicheka. Mmoja akanituliza kwa Kihaya, waitu, fundi wetu, mbona hajaumia mtu. Mwingine akasema kama nina moyo wa woga hivyo, nikachunge mbuzi.

Nikakikunja kitambaa. Niliwaambia kwamba tangu siku hiyo hakitashuka mpaka helmeti za wawili waliotangulia zifike mkononi mwangu, zikitokea migombani. Wakitaka mshika kitambaa mwingine wamchague, na pikipiki zao Jumatatu awatengenezee yeye. Hawakumchagua mtu.

Jumapili iliyofuata mdogo wangu akashinda tena. Mwenzake alitokea migombani, akanipa helmeti yake. Yeye hakuja. Tulisikia injini yake ikinguruma taratibu ng'ambo ya mwinuko. Alikuwa akingoja nichoke. Waliokuwa mstarini wakazima pikipiki. Mvua ikaanza kutoka upande wa ziwa, na matusi yaliyokuwa yakinijia mimi yakaanza kumwendea yeye. Mmoja wao alimpigia simu.

"Unatulowesha hapa kwa kiburi chako. Leta helmeti."

Alitokea baadaye sana, matope hadi magotini, jani kavu la mgomba limenasa kwenye usukani. Hakuna aliyepiga kigelegele. Aliniwekea helmeti mkononi huku akitazama pembeni. Mvua ilikuwa imezidi, mbio zikaishia hapo.

Tangu siku hiyo hanisalimii. Pikipiki anaipeleka kwa fundi mwingine, ambaye nasikia hulegeza breki akiombwa. Kwa hiyo kabla hajasogea mstarini nainama na kuijaribu breki yake kwa mkono, kama nilivyokuwa nikikagua kucha zake kabla hajaenda shule. Jumapili iliyopita niliikuta imelegea. Nilitoa spana nikaikaza, watu wakisubiri na kusonya, yeye akitazama mawingu.

"Umemaliza?" aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu baada ya wiki tatu.

Nilimwambia afunge kidevuni. Akafunga. Nikashusha kitambaa, nikageukia migomba, nikangoja.