Mkwaruzo Chini ya Piano

Siku yangu ya kwanza ya kazi jukwaani, katika ukumbi wa muziki wa Doha, baada ya miaka sita ya kulinda geti kule The Pearl, mtaa wa matajiri, Msimamizi wa Jukwaa alinifundisha jambo moja tu: nisionekane. Alikuwa Mkenya mwenzangu, mtu wa Nakuru, mdogo kwangu kwa umri, lakini bosi ni bosi. Tulipanga viti vya okestra, stendi za nota na ngoma, kisha tukatoweka kabla taa hazijawaka. Ninyi vijana mnaodhani hiyo ni kazi ya kubeba viti tu, hamjui mnachosema.

Mwaka mmoja ukaja muziki wa Wafini, watu wa Finland, uliotungwa kutokana na hekaya yao ya kale: mfua chuma anayetengeneza kinu cha ajabu kinachosaga unga na chumvi bila kukoma. Mwishoni okestra nzima hunyamaza, na nyundo yake husikika mara tatu, peke yake. Fuawe iliyokodiwa, chuma cha kugongea nyundo hiyo, haikufika. Nikaenda Industrial Area kwa rafiki yangu Ouma, fundi wa kuchomelea, akaniazima kipande cha reli anachofulia vyuma. Mpiga ngoma, mama wa Kifini, akakiweka juu ya vibao viwili, akakigonga. Kililia mpaka mwili ukanisisimka.

Saa moja kabla ya onyesho Msimamizi akaniita kando. "Mzee, hiyo floor ni mpya. Ikichubuka, mimi na wewe tunapanda ndege kurudi kwetu."

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, na wa kusaini mpya ni yeye. Basi nikafanya ambavyo yeyote wa kwetu aliyelelewa vizuri angefanya kwa sakafu ya wenyewe: nikaondoa vibao, nikatandika zulia zito, nikalaza chuma juu yake. Nikajipongeza, mjinga mimi.

Sehemu ya kwanza ikiendelea, nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia, nilimwona yule mama akikigusa chuma kwa nyundo, taratibu. Akainama, akagusa tena. Kisha akanigeukia, uso umemsawijika. Nikaelewa. Chuma kilicholazwa juu ya zulia hakilii, kinatoa kishindo cha gunia.

Kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kifupi tu. Msimamizi aliniona nikishika vibao.

"Usithubutu, mzee," akaninong'oneza.

Kimya kilipofika nikatoka. Ukumbi mzima ulinitazama, mimi na ovaroli yangu. Mama akainua upande mmoja, mimi wa pili, nikavuta zulia kwa mguu, tukasukuma vibao chini yake. Chuma kikaniponyoka, kikachimba sakafu. Nilirudi nyuma ya pazia nikijua nimekwisha.

Mwishoni nyundo ikapigwa mara tatu, na chuma kikalia. Nililia, na sioni haya kusema.

Watu walipoondoka Msimamizi alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo.

"Hapa," akasema, "tutaweka ile piano ya mazoezi."

Mkataba mpya akausaini. Piano ilikaa pale hadi nilipostaafu mwaka jana, na kila ilipobidi kuihamisha aliisimamia mwenyewe. Siku ya kuaga nilimwomba tuisogeze kidogo. Tukaisogeza sisi wawili. Nimefanya kazi ya kutoonekana miaka yote hiyo. Alama niliyoacha ni ile moja, na nilitaka kuiona kabla sijapanda ndege.